Mota ya umeme kwenye omo: kuichagua na kuifunga kwenye boti ya faiba ya baharini

Anayevua changu na chewa juu ya mwamba huhangaika na nanga kuliko anavyohangaika na mshipi. Unafika kwenye alama zako, unakisia mkondo, unatupa nanga, unaachia kamba, na boti inakwenda kusimama hatua arobaini nje ya shimo ulilolitaka. Unavuta, unarudia. Mara ya tatu nanga imeng'ata tumbawe, haivutiki, na kisu kinamaliza maneno. Chini kunabaki chuma chako na tumbawe lililovunjika, na hapo ndipo palipokuwa nyumbani kwa yule chewa uliyemfuata.

Mota ya umeme yenye GPS huifanya kazi hiyo bila kugusa chini. Inafungwa omo, yaani mbele ya boti, inashushwa majini, unabonyeza kitufe cha nanga kwenye rimoti, nayo inajigeuza na kujisukuma yenyewe kushindana na upepo na mkondo ili boti ibaki ndani ya duara la meta chache. Ukitaka kusogea hatua mbili kushoto, unabonyeza, inasogea. Akishika samaki mkubwa, unaizima na kumfuata.

Yangu iko kwenye boti ya faiba ya futi 19, mashine ya nguvu farasi 60, inayolala ndani ya hori (mkono wa bahari) ya Kilifi. Ni mota yangu ya pili. Ya kwanza ilinifundisha kwa bei ghali, na makosa mengi utakayoyasoma hapa niliyafanya mwenyewe.

Zilikotoka mota hizi kunaeleza mengi. Mwaka 1934 huko Fargo, North Dakota, O. G. Schmidt alibuni mota ya umeme ya kuvulia, na kampuni ikaitwa Minn Kota, jina lililounganishwa kutoka Minnesota na Dakota, majimbo yasiyopakana na bahari. Ni kifaa kilichozaliwa ziwani, kwenye maji matamu yaliyotulia. Bahari inakiongezea mambo matatu: chumvi, wimbi na mkondo. Chumvi ndiyo inayokuchagulia aina ya mota, wimbi linakuchagulia urefu wa shafti (ile fimbo inayoshusha mota majini), mkondo unakuchagulia nguvu. Wanunuzi wengi huanza na nguvu, kwa kuwa ndiyo iliyoandikwa kwa tarakimu kubwa kwenye boksi. Anza na chumvi.

Chumvi

Mota ya ziwani ikiingia baharini haifi siku hiyo, na hapo ndipo inapodanganya watu. Yangu ya kwanza niliinunua ikiwa imetumika, muuzaji akaniapia kwamba "maji ni maji". Ilifanya kazi vizuri miezi miwili mitatu ya kaskazi. Kisha skrubu za kichwani zikaanza kulia machozi ya kutu, usukani wake ukawa mzito, na siku niliyoifungua nilikuta bodi ya umeme imeota ukijani kama sufuria ya shaba iliyosahaulika. Fundi alinionea huruma, lakini huruma haitengenezi bodi.

Mota ya baharini ina rangi maalumu ya kuzuia kutu, viungo vya umeme vilivyozibwa, skrubu za stenlesi, na kipande cha zinki karibu na pangaboi ambacho kazi yake ni kuliwa na bahari badala ya mota. Kwa Minn Kota, jamii ya baharini inaitwa Riptide. MotorGuide wametoa matoleo ya maji matamu na ya chumvi yanayofanana sana kwa umbo, kwa hiyo soma lebo yenyewe. Rhodan wa Florida wanatengeneza kwa ajili ya bahari. Nyingi za baharini huwa nyeupe, ila usinunue kwa rangi. Mwombe muuzaji namba ya modeli, uitafute mwenyewe, uone kama mtengenezaji ameandika kwamba inaruhusiwa kwenye maji ya chumvi. Ukiitumia ya ziwani baharini, dhamana yake imekwisha siku ileile.

Kama imeshatumika, itoe pangaboi mbele ya muuzaji. Nyuma yake utaona mambo mawili yasiyofichika: zinki imebaki kiasi gani, na kama kuna mshipi wa nailoni uliojizungusha kwenye ekseli. Mshipi huo hukata sili ya mafuta, maji yanaingia ndani ya mota, na baada ya hapo unanunua kopo la maji ya chumvi.

Wimbi, au urefu wa shafti

Mota yenye nguvu nyingi na shafti fupi haina faida. Mota dhaifu kidogo yenye shafti ndefu utavua nayo. Kama kuna sehemu moja ya mwongozo huu utakayoifuata neno kwa neno, basi iwe hii.

Pima boti ikiwa majini, siyo juu ya trela wala juu ya magogo. Weka mzigo wa kawaida: mafuta, barafu, watu wako wa siku zote wamekaa pale wanapokaa. Chukua futi ya fundi, uishushe wima kutoka juu ya sitaha pale mguu wa mota utakapokaa mpaka usoni mwa maji. Boti yangu ilitoa sentimita 70. Ongeza 50, ili ncha ya juu ya pangaboi iwe imezama kama sentimita 30 maji yakitulia. Hapo ndipo mvuvi wa ziwa anaposimama. Wewe ongeza 30 nyingine kwa ajili ya wimbi. Jumla yangu ikawa 150.

Shafti huuzwa kwa inchi. Za baharini utazikuta za 54, 60, 72 na 87, yaani sentimita 137, 152, 183 na 221. Nikachukua ya 60. Ukiangukia katikati ya saizi mbili, chukua ndefu, kwa kuwa ile ndefu unaweza kuipandisha na kuikaza kwa kola yake, ila fupi hakuna namna ya kuirefusha.

Ya kwanza ilikuwa na inchi 48. Ndani ya hori ilitulia kabisa, nikajiona fundi. Tulipotoka nje ya mlango wa bahari, kila omo iliponyanyuka juu ya wimbi pangaboi lilitoka hewani na kupiga kelele kama mashine ya kusaga iliyoishiwa mahindi. Boti inateleza, GPS inaona imeteleza, inaongeza mwendo, pangaboi linatoka tena likiwa na kasi zaidi. Betri zilikwisha kabla saa mbili hazijapita, na boti haikukaa mahali hata dakika tano.

Shafti ndefu nayo ina gharama yake: mota ikilazwa juu ya sitaha inahitaji nafasi. Ya inchi 72 hulala karibu meta mbili ukihesabu na kichwa. Kabla ya kulipa, kata fito la urefu huo, lilaze pale juu, ulizunguke kama unavyozunguka siku ya uvuvi. Utajua haraka kama litakukwaza.

Kama chombo chako ni mashua au dau lenye gubeti iliyochongoka, mota ya omo haina pa kukaa. Kuna zile za kubana tezini kwa vishikio viwili, rahisi zaidi, zinazofaa ndani ya hori na kwenye mikoko. Ila boti inayosukumwa kutoka nyuma huyumba, na inayovutwa kutoka mbele hunyooka, kama ng'ombe na kamba yake. Kwa kazi ya kusimama juu ya mwamba, omo ndipo mahali pake.

Mkondo, au nguvu

Nguvu ya msukumo huandikwa kwa ratili, lb. Kanuni ya mafundi ni ratili 2 za msukumo kwa kila ratili 100 za uzito wa boti iliyopakia, maana yake msukumo uwe asilimia 2 ya uzito wote. Kilo au ratili, hesabu ni ileile.

Yangu: bodi kilo 600, mashine 110, mafuta 40, watu wanne 280, barafu na vifaa 100, betri 60. Karibu kilo 1,190. Asilimia 2 yake ni kilo 24, ambazo ni kama ratili 53. Kwa ziwa, mota ya ratili 55 ingetosha. Kwa bahari yenye mkondo na kusi la mchana ninaongeza nusu, nafika kilo 36, na hizo ni karibu ratili 80. Saizi za kawaida sokoni ni ratili 55 kwa volti 12, ratili 80 kwa volti 24, na ratili 112 kwa volti 36, kwa hiyo ukichagua nguvu umechagua pia idadi ya betri: moja, mbili au tatu. Boti ya futi 22 na kuendelea yenye ubavu mrefu unaokamata upepo, nenda moja kwa moja kwenye 112.

Usitegemee miujiza. Pwani yetu tofauti ya kujaa na kupwa wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa kuliko siku nyingine, hupita meta 3, na maji yote hayo yanapita kwenye milango na mikondo myembamba. Ili boti iende kasi mara mbili inahitaji nguvu karibu mara nane, ndiyo maana mota inayosimama kwa raha kwenye mkondo wa noti (maili za baharini kwa saa) moja na nusu huishiwa pumzi kwenye wa noti tatu. Mimi huitumia siku za maji mafu, mkondo unapokuwa mdogo, au saa ile maji yanapogeuka. Bamvua likikimbia ninatupa nanga ya chuma kama zamani, au ninaacha boti itembee na mkondo huku nikiikalisha ubavu kwa mota.

Mzee mmoja jirani yangu wa gati aliitazama siku ya kwanza, akauliza, "Mwanangu, hii nanga yako inakula nini?"

"Umeme, baba."

"Na ukiisha?"

Nikamwonyesha nanga ya chuma chini ya sitaha na kamba yake. Akaridhika. Nanga ya chuma haiondoki kwenye boti hata ukiwa na mota tatu.

Betri

Usitumie betri ya gari. Imetengenezwa kutoa umeme mwingi kwa sekunde chache za kuwasha injini, na ukiishusha hadi chini mara kadhaa inakufa. Unayoitaka ni ya kutoa kidogo kidogo kwa muda mrefu, kama zinazouzwa kwenye maduka ya sola: AGM au jeli (zote ni betri za risasi) ya saa-ampea 100, au lithiamu ya aina ya LiFePO4.

Hesabu yangu ya muda ni rahisi. Mota ya ratili 80 ikikazwa yote hula ampea 56, lakini kusimama kwenye mkondo wa kadiri yangu hula wastani wa 15 hivi. Betri mbili za AGM za 100 zikiunganishwa kwa volti 24 bado ni saa-ampea 100, na ukitaka zidumu usitumie zaidi ya nusu. Hamsini gawanya kwa 15, ni saa tatu na dakika ishirini. Lithiamu unaweza kutumia 80 bila wasiwasi, ukapata saa tano na ziada. AGM moja ina karibu kilo 30, lithiamu kama 12. Kwenye boti ndogo tofauti hiyo ya kilo 36 utaiona kwenye mwendo na kwenye mafuta. Bei ya lithiamu inauma siku ya kununua. Mimi nilianza na AGM, nikahamia lithiamu zilipochoka.

Kwa lithiamu kuna mambo mawili. Uliza saketi yake ya ulinzi inaruhusu ampea ngapi mfululizo, na usikubali chini ya 100. Tena, volti yake haishuki kama ya risasi, kwa hiyo mota zenye brashi za kaboni zilizoundwa kwa betri za risasi zinaweza kupata joto. Minn Kota wanashauri usizidishe asilimia 85 ya mwendo kwa muda mrefu ukiwa na lithiamu.

Betri za mota ziwe mbali na kazi ya kuwasha mashine. Betri ya kuwashia ni ya kukurudisha nyumbani, isiguswe. Zile mbili ziwe za aina moja, ukubwa mmoja, zilizonunuliwa siku moja. Zifunge kwa mikanda ndani ya maboksi yake, juu ya ngama, zisifikiwe na maji. Maji ya chumvi yakiingia kwenye betri ya risasi hutoa gesi ya klorini, na hiyo haina mzaha ndani ya boti iliyofunikwa.

Kuifunga

Kazi yenyewe ni ya siku moja kwa watu wawili, mmoja juu ya sitaha na mmoja chini yake. Ukijaribu peke yako utalala juu ya kamba za nanga umeshika spana kwa vidole vya miguu.

1. Nunua pamoja na mota ule mguu wa kutoa haraka, yaani bamba linalobaki limefungwa kwenye sitaha huku mota ikichomolewa kwa kufuli na pini. Bila huo, mota italala nje kwenye jua na chumvi kila siku, na wenye vidole virefu wataiona kila siku pia.

2. Chagua upande. Mota ina kama kilo 30. Mimi niliiweka kushoto kwa kuwa usukani wangu uko kulia, boti ikasawazika.

3. Kata kadibodi ya umbo la bamba, igundishe kwa tepu, kisha uweke mota juu yake bila kufunga chochote. Ifungue na kuikunja mara kumi. Hakikisha ikishuka inapita nje ya ukingo kwa angalau sentimita 4, haigongi chuma cha kamba wala reli ya mkono, na ikilala kichwa chake hakizuii kifuniko cha sanduku la nanga. Hapa ndipo nilipookoka: sentimita mbili nyuma zaidi na nisingeweza kufungua sanduku langu.

4. Ingia chini ya sitaha na tochi. Tafuta waya za taa, bomba, mbavu za boti. Pima mara mbili kutoka kwenye alama moja inayoonekana juu na chini.

5. Andaa bamba la chini. Faiba peke yake haiwezi kubeba mota inayovutwa na wimbi mchana kutwa. Mimi nilitumia plaiwudi ya baharini ya milimita 18, nikaipaka epoksi pande zote pamoja na kingo, iwe kubwa kuliko bamba la juu kwa vidole viwili kila upande. Alumini ya milimita 6 nayo inafaa.

6. Toboa. Bandika tepu ya karatasi juu ya jelkoti kwanza. Anza na drili ikizunguka kinyume mpaka ile ngozi inayong'aa ikatike, ndipo uzungushe mbele. Kisha panua mdomo wa tundu kidogo kwa biti ya kukonia. Usipopanua, bolti ikikazwa jelkoti hupasuka miale kama kioo kilichopigwa jiwe, na nyufa hizo hazikomi.

7. Chungulia ndani ya tundu. Ukiona mbao au povu katikati ya ngozi mbili za faiba, usifunge bado. Panua matundu, chimba kidogo ule moyo, jaza epoksi nzito, acha ikauke usiku mzima, kesho utoboe upya katikati ya epoksi. Maji yakiupata moyo wa sitaha unaoza kimyakimya miaka miwili, mitatu, na siku moja mota inaondoka na kipande cha omo.

8. Funga kwa bolti za stenlesi 316 za milimita 6 au robo inchi, zisipungue sita, zipite sitaha yote hadi kwenye bamba la chini, zikiwa na wosha pana na nati zenye pete ya nailoni ndani. Skrubu za mbao usiziguse. Paka Sikaflex 291, dawa ya kuziba maji, shingoni mwa kila bolti na kuizunguka. Usitumie gundi ya kudumu isiyofunguka, kwani ipo siku utataka kulitoa bamba hili. Nyuzi za bolti zipake mafuta mazito ya kuzuia kushikana.

9. Kaza kwa mkono. Nati ya stenlesi ikizungushwa kwa drili ya kasi hupata joto na kuganda kwenye bolti kama imelehemiwa, ukabaki kuikata. Aliye juu ashike bolti isizunguke, aliye chini azungushe nati. Kaza mpaka Sikaflex ichungulie pembeni, iache ikauke, kesho ongeza kidogo.

Kama sitaha ya omo ina mteremko, usilazimishe bamba likae kwa kukaza bolti. Litapinda, na kufuli la mota halitaingia. Tengeneza kabari ya plastiki ngumu au ya plaiwudi yenye epoksi.

Waya

Boti nyingi ninazoziona zikilalamika mota dhaifu zina waya mwembamba. Umeme wa volti ndogo hupotea njiani upesi. Nilipiga hesabu ya mota ya volti 24 inayokula ampea 56, betri zikiwa meta 5 kutoka omo: waya wa shaba wa milimita za mraba 16 hupoteza volti 0.6, kama asilimia mbili na nusu. Huo unakubalika. Kwa mota ya volti 12 inayokula ampea 50, waya huohuo hupoteza karibu asilimia 5, kwa hiyo panda hadi 25. Tafuta waya wa baharini ambao kila uzi wake umepakwa bati. Shaba tupu hunyonya chumvi kutoka ncha moja na kuwa nyeusi ndani ya ganda bila wewe kuona.

Weka sakiti breka ya ampea 60 kwenye waya wa chanya, karibu na betri kadiri inavyowezekana. Iwe ya umeme wa betri, ya kufungwa kwenye boti. Sakiti breka ya nyumbani imeundwa kwa umeme wa gridi, na ikikata umeme wa betri cheche yake inaweza isizimike.

Breka ikiwa imezimwa, na pete na saa ya chuma umezivua, unganisha betri mbili hivi: waya mfupi kutoka chanya ya betri ya kwanza kwenda hasi ya betri ya pili. Hasi ya kwanza na chanya ya pili zilizobaki ndizo zinazokwenda kwenye mota. Sasa pima kwa mita. Ukipata kati ya 25 na 27, umefanya sawa. Ukipata 12 au 13, umeziunganisha sambamba. Pima tena kwenye soketi ya omo kabla ya kuchomeka mota, uhakikishe chanya na hasi hazikubadilishana njiani.

Lagi, yaani vichwa vya waya, zikamatwe kwa koleo lake la kubana, zifunikwe kwa mpira wa kusinyaa wenye gundi. Usiunge waya katikati. Unapopita kwenye ukuta wa faiba, weka mpira kwenye tundu. Na usichukue volti 12 za kifaa cha kutafutia samaki kutoka kwenye mojawapo ya betri hizi mbili: moja itachoka kabla ya mwenzake, na skrini itajaa mistari ya kelele kila mota inapozunguka. Waya wa kihisi chake uupitishe ubavu mwingine wa boti.

Siku ya kwanza majini

Nenda siku ya maji mafu, ndani ya hori. Rekebisha dira ya mota kama kitabu chake kinavyosema. Kwa kawaida ni kuzungusha boti polepole duara moja au mawili. Spika na kitu chochote chenye sumaku kikae mbali na kichwa cha mota, vinginevyo itazunguka kama kuku aliyekatwa kichwa na utailaumu GPS bure.

Bonyeza nanga, kaa dakika kumi, tazama inatumia nguvu kiasi gani. Kisha sogea mahali penye mkondo kidogo, rudia. Ukiona mota imekaza mwisho na haishuki kwa dakika kadhaa, mkondo umeshinda, ondoka. Usiisubiri iyeyushe betri.

Rimoti ivae shingoni, na jaketi la kuokolea ulivae ukiwa peke yako. Ukianguka mota ikiwa kwenye nanga, boti inakungoja. Ikiwa kwenye kazi ya kufuata mstari inaondoka bila wewe, na wewe huogelei kuifikia. Mtu akiwa majini karibu na omo, izime.

Kabla ya kuwasha mashine, mota ipande, ilale, ifungwe mkanda. Nimeandika "MOTA JUU?" kwa kalamu nene pembeni mwa swichi ya mashine, kwa sababu jamaa mmoja aliiacha chini akaondoka kwa kasi, na shafti yake ikapinda kama ndizi kabla hajafika kwenye boya.

Ukirudi, imwagie maji matamu kwa upole, siyo kwa presha, kwani presha husukuma chumvi ndani ya sili. Betri za risasi zichaji usiku uleule. Kila safari chache toa pangaboi, ondoa nailoni, tazama zinki. Ikibaki nusu, badilisha, wala usiipake rangi. Kaza bolti za bamba mwezi wa kwanza, kisha kila msimu. Na beba pini moja, nati moja ya pangaboi na spana yake, vikiwa vimefungwa kwa uzi kwenye kitu kisichoelea mbali. Nati ile ni ndogo, inateleza, na nimeshawapelekea chewa mbili.